Jezi Nyekundu ya Jumapili

Ule mpira wa Kimarekani ulimponyoka mikononi kijana wa Tarrow kama kipande cha sabuni, zikiwa zimebaki sekunde za kuhesabu kwa vidole. Beki wa Wekundu akaudaka, akaukumbatia kifuani, akatimua mbio mpaka mwisho wa uwanja bila kuguswa na mtu, na ushindi ukawa wao. Maelfu ya watu waliovaa bluu wakabaki wameduwaa, midomo wazi.

Wendell Pruitt alikuwa mmoja wao. Alikaa chini, akaweka karanga zake za kuchemsha sakafuni, akafunika uso kwa viganja.

"Wangeshindwa mwaka mwingine wowote," alisema. "Mwaka huu walikuwa na haja gani?"

Mpira una laana zake, asikudanganye mtu. Kwa miaka tisa Chuo cha Tarrow kilikuwa kinawachapa Wekundu wa Kingsbend, tena kuwachapa kwa dharau. Walikuwa wanakuja na matarumbeta yao, wanapigwa, wanarudi kwenye mabasi wamejikunyata. Na mwaka huu ndio walikuwa wabovu kupindukia. Hata magazeti ya kwao yaliwaombea wasiaibike tu.

"Mzee Pruitt, kesho kanisani utapendeza," alisema Lyle, jirani yake wa kiti cha nyuma, ambaye hawakuwa wakionana ila humo uwanjani. "Nyekundu inawafaa wenye mvi."

Darlene, binti wa Wendell, akageuka. "Lyle, leo tuache."

"Kwani nimesema nini? Si ndiyo desturi yake na yule rafiki yake? Asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Nimekuomba, tuache."

Lakini Lyle alisema kweli. Wendell na Roscoe Tidwell walikua mtaa mmoja, wakavua samaki kijito kimoja, kisha mmoja akaenda kusoma Tarrow na mwenzake Kingsbend. Mwaka huohuo wakawekeana sharti: ambaye chuo chake kitafungwa, Jumapili inayofuata ataingia kanisani na jezi ya mwenzake, na atakaa benchi la mbele. Hakuna udhuru. Wendell alisimikwa ushemasi amevaa nyekundu, mchungaji akishindwa kuzuia kicheko. Roscoe naye alimpeleka mjukuu wake kubatizwa akiwa na bluu, na picha bado iko ukutani kwake, mkewe Verna akiwa amekunja uso pembeni. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukwepa.

Kule nje kwenye maegesho Wekundu walikuwa wanaimba juu ya magari yao. Kijana mmoja akapita akapiga boneti ya gari la Wendell kwa kiganja. "Lieni, babu. Ruhusa mnayo."

Wendell aliingia garini. Kila mwaka aliyeshinda ndiye aliyepiga simu, na simu ilikuwa haingoji hata filimbi ya mwisho. Leo Wendell aliitoa simu yake mfukoni, akaitazama, akaitupia kwenye kisanduku cha gari na kukifunga.

"Baba," alisema Darlene walipoingia barabara kuu, "usiivae."

"Nitaivaa."

"Vaa suti yako kama watu wengine. Nani atakudai?"

"Nafsi yangu itanidai."

"Na Shangazi Verna je? Umemfikiria?"

Hilo ndilo lililokuwa linamchoma Wendell. Alikuwa amekwenda uwanjani na haja moja tu moyoni: Tarrow ishinde, ili kesho aingie mle kanisani na nguo za heshima, asimtie mtu uchungu wala asivunje sharti. Haja ndogo hivyo. Na wale vijana, kwa mikono yao laini ya kushikia simu, wakamnyima.

"Verna anatujua," alisema mwishowe. "Ahadi ni deni, mwanangu. Nikianza kutafuta visingizio leo, basi miaka yote hiyo tulikuwa tunacheza kitoto."

Nyumbani, suti ilikuwa inaning'inia mlangoni, imepigwa pasi tangu asubuhi. Aliirudisha kabatini. Jezi nyekundu aliikuta chini kabisa ya sanduku, inanuka dawa ya nondo, na alipoijaribu ilimbana tumbo. Alijitazama kwenye kioo akajichukia, akawachukia na vijana wa Tarrow, wote pamoja na kocha wao.

Kesho yake kanisa lilijaa mpaka ngazini. Wendell alishuka kwenye gari akiwa na jezi yake, Darlene kamshika mkono. Watu walimpisha. Mama mmoja akafyonza, akamnong'oneza mwenzake kwamba huyu mzee sasa hana haya. Wendell alisikia, na masikio yakamwaka moto, lakini hakusimama. Benchi la mbele ni benchi la mbele.

Verna alikuwa amekwisha kuketi pale, amevaa nyeusi. Alipoinua macho akaiona ile nyekundu, uso ukamshuka. Akanyanyuka, akamshika Wendell mikono yote miwili.

"Hukuambiwa," alisema.

"Nini, Verna?"

"Nisamehe. Mimi ningefanyaje? Aliniapisha palepale hospitalini. Alisema vijana wake hawawezi kushinda hata wakibebwa, na Jumapili hii hatakuwepo, kwa hiyo akulipe mapema."

Wendell hakumwelewa. Alimwachia mikono, akasogea polepole mpaka kwenye jeneza, ambalo lilikuwa bado halijafunikwa. Roscoe alikuwa amelala humo, kanyolewa ndevu, kachanwa nywele vizuri, amevaa jezi ya bluu.