Kaburi la Ellerford

Thacienne aligeuka alipoitwa mara ya tatu. Bibi Clementina alikuwa akimwita kutoka kitandani, na nyumba yenyewe, huko juu kwenye maghorofa ya St. James Town mjini Toronto, ilikuwa chumba kimoja na jiko. Kusema hakusikia haiwezekani.

"Wewe jina lako huwa linakuchelewa," bibi alisema.

Thacienne alicheka, akaendelea kumpaka mafuta miguuni. Hata kanisani, Wakongomani wenzake walipomletea keki, aliwauliza ni sherehe ya nani. Wakamtania mwezi mzima: mama gani huyu anayesahau siku yake ya kuzaliwa!

Bibi alikuwa na miaka tisini, na saratani ilikuwa imeshammaliza. Ombi lake lilikuwa moja tu: azikwe Ellerford, kijiji chake cha kando ya mto huko Uingereza. Kwa miaka mitatu ya kumwogesha na kumlisha, Thacienne alikuwa amekisikia kijiji hicho hadi angeweza kutembea humo amefumba macho. Kulikuwa na kinu kilichozungushwa na maji. Kulikuwa na kivuko cha kuvutwa kwa kamba. Kwenye ukuta wa kanisa kila mafuriko yalichongewa mstari, na chini yake majina ya waliochukuliwa na mto. Watu wake sasa, lo, roho ya korosho! Mtumishi asiye na baba alikula peke yake jikoni mpaka uzeeni, na makaburini hawakumpokea mtu asiyezaliwa pale.

"Ila jina hawalisahau," bibi alisema.

Basi Thacienne, kwa huruma zake, akamwandikia mchungaji wa Ellerford bila kumwambia mtu. Alimpa jina la bibi na tarehe ya kuzaliwa, vilevile kama vilivyo kwenye pasipoti, akaomba kaburi. Alitaka bibi afe moyo wake umetulia.

Jibu liliingia kwenye simu Alhamisi mchana, bibi akinywa supu. Thacienne alilisoma, akalirudia. Mchungaji alikuwa amefungua daftari la ubatizo na la mazishi. Clementina Rudge wa tarehe hiyo alikuwamo. Alizama katika mafuriko ya mwaka 1953, akiwa na miaka kumi na tisa, na kaburi lake liko nyuma ya kinu. Je, aliuliza mchungaji kwa adabu, huyo mgonjwa wa Toronto ni nani?

Thacienne alimsomea bibi yote. Bibi aliweka kijiko chini.

"Clementina alikuwa na tikiti ya meli na karatasi zote," alisema. "Mimi nilikuwa mtumishi wa kwao. Mto ulipomchukua, nilichukua sanduku lake. Naitwa Edith. Nami nimo ukutani, walidhani tumezama wote. Utanishitaki?"

Thacienne alitikisa kichwa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaanza barua nyingine kwa mchungaji, na safari hii aliandika Edith. Machozi yalikuwa yakimdondokea kwenye simu, wala hakuyafuta.

Bibi alimtazama muda mrefu.

"Na wewe," aliuliza, "jina lako nani?"

Miaka kumi na moja Kanada, hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Jolie," alisema. "Thacienne ni dada yangu. Tulimzika Uvira, wiki moja kabla ya ndege yake."