Majirani Waliomfuata Mwanahawa

Mwanahawa, fundi cherehani wa miaka arobaini na saba, alikuwa amejiapiza: asipokimaliza kilima kwa kukimbia asubuhi ile, atajitoa kwenye mbio za kuchangia mashine ya figo, ile iliyokosekana mumewe alipougua. Mara tatu kilima kilikuwa kimemshinda.

Alipofika katikati, miguu ikagoma tena. Hapo akasikia vishindo nyuma yake. Majirani wanne walikuwa wakimfuata mbio, kanga zimefungwa kiunoni, na Bi Shufaa mbele yao na jamvi begani.

"Mwenzetu, nani kafa?"

Katika mji ule mtu mzima hakimbii asubuhi bila msiba, na mfiwa haachwi peke yake.

"Hakuna aliyekufa. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi! Na jamvi lote hili nimelibeba!"

Wakacheka. Mwanahawa alitaka kuwaomba radhi, machozi yakamtangulia. Siku ya msiba wa mumewe walikuja hivi hivi, bila kuitwa.

"Unaishia wapi?" Bi Shufaa akauliza.

"Kwenye tangi la maji, kule juu."

"Basi twende, usitutie aibu."

Wakapanda pamoja. Mwanahawa alisema asante kwa kila pumzi, mpaka pumzi ya kusemea ikaisha, miguu ikaendelea.