Hodi ya Mama

"Shoga, bastola ina kibali, tena iko kabatini. Inakuuma nini?" Saumu alifoka juu ya ukuta.

"Chumvi nitaomba kwingine," akajibu jirani yake, Bi Tatu. "Nisije nikaingia jikoni kwako ukanidhania mwizi!"

Saumu akanywea. Tangu wezi wamvunjie mlango naye akanunua bastola, ndugu zake hawakanyagi kwake, na mama yake amesusa mwezi wa tatu huu. Zamani nyumba hii ilijaa kama ya harusi. Watu walipiga hodi wakiwa wameshafunua sufuria. Mama ndiye hakupiga kabisa, aliingia tu akiuliza, "Haya, leo mmeunguza nini?"

Mchana huo Saumu akapakua wali kwenye sinia la watu wanane, kwa mazoea, akaketi mkekani peke yake.

"Hodi," ikaita sauti mlangoni.

Alikuwa mama. Saumu akabaki na tonge mkononi.

"Hodi wenyewe," mama akarudia.

"Karibu, mama. Karibu tule."

Mama akalitazama kabati, akalitazama sinia. Ndala moja alishaivua, nyingine bado i mguuni.