Mada ya Hilali

Siku hizi mtu haendi mkutanoni mwenyewe, anatuma kivuli chenye sura na sauti yake. Kivuli cha dada Nasra kiliendesha mkutano wa waunda programu za watafiti. Hauna ratiba, mshiriki hupendekeza mada, wengine hunyoosha mikono kuipitisha.

Mimi na dada tulikuwa tunachambua mchele mbele ya skrini, mwanawe mchanga Hilali akalia.

“Napendekeza,” kivuli chake kikasema kwenye skrini, “mimi niwe mama yake.”

Dada akacheka. “Wee, koma!”

Vivuli vyote vikanyoosha mikono. Kile cha dada kikaanza kumbembeleza mtoto kwa sauti ileile ya dada, naye akanyamaza.

“Mama yake ni mimi!” dada akapiga kelele.

“Hiyo mada nyingine, mpenzi. Tuone mikono,” kivuli kikajibu.

Skrini nzima haikunyoosha hata mkono mmoja. Nikanyoosha wangu.

“Huyo si mshiriki,” kikasema.