Tambi za Bibi Onsi

Kwa siku ya nne mfululizo, Thongdam alikuwa anakwenda kula tambi ambazo hakuwa na njaa nazo. Alikuwa na neno moja la kumwambia mpishi, na kila asubuhi bakuli lilikwisha kabla neno halijatoka.

Neno lenyewe lilikuwa fupi. Miaka miwili nyuma, mvua ikinyesha, lori lake lilimgonga msichana kwenye njia panda ya kuingilia mji huu, naye Thongdam hakusimama. Msichana alikufa; aliitwa Latsamy. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na duniani hakuwa na mtu ila bibi yake, muuza tambi wa kando ya Mto Mekong. Hayo yote Thongdam aliyasikia baadaye kwa madereva wenzake, akanyamaza. Tangu hapo hakupata usingizi wa maana, na sasa alikuwa ameliacha lori kwao milimani, akaja kwa mashua kukiri. Alikuwa mwoga, na woga haukumtoka hata alipotaka kutubu.

Mara ya kwanza aliagiza tambi ili tu apate sababu ya kukaa. Kwao alizoea tambi nyembamba za mchuzi mtupu. Hizi za Bibi Onsi zilikuwa pana, zimekatwa kwa mkasi, na juu yake kijiko cha nyama ya nguruwe iliyopondwa na kukaangwa kwa nyanya na soya iliyovundikwa mpaka ikanuka kidogo. Alipokoroga, mchuzi uligeuka mwekundu. Hakuwahi kula kitu kitamu kama kile, na aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Bibi alimtazama tu, akamsogezea majani mabichi na ndimu.

Khampan, mwenye nyumba ya wageni alikofikia, alikuwa akimcheka waziwazi.

"Kaka, siku nne kwa bakuli lile lile! Kama unamtaka yule bibi, sema nikupelekee posa. Ila fanya haraka. Jana kagawa kuku wake wote, na sketi zake za hariri kampa mke wangu."

Thongdam aliuliza kama bibi anahama.

"Atakuwa anaingia hekaluni," alisema Khampan. "Bibi zetu ndivyo walivyo. Wananyoa kichwa, wanavaa nyeupe, wanangoja siku yao kwa amani. Na alfajiri ya leo alitoa sadaka kwa watawa mpaka kapu likabaki tupu."

Habari hiyo ilimkata maini. Akishaingia hekaluni, nani atamsumbua mtawa mzee kwa habari za damu? Thongdam alijiapia kwamba leo atasema, hata kama sauti itamkauka.

Alikuta kibanda kimefungwa. Mabenchi yalikuwa yamepangwa ukutani, na ndani ulitandikwa mkeka mmoja na meza fupi ya henzirani yenye mabakuli mawili. Bibi Onsi alimkaribisha, akasema leo hakuna wateja, wanakula wawili. Akasema pia kwamba ameponda samaki badala ya nguruwe, samaki aliowaokota mwenyewe mchangani, pale wavuvi wanapokung'uta nyavu na kuwatupa wasiowataka. Thongdam alikuwa mtu wa milimani. Samaki wa mto kwake walikuwa samaki tu.

Alipiga magoti kabla hajagusa kijiko. Alisema yote: mvua, breki, taa alizozizima ili namba ya gari isisomeke. Alisema hata lile ambalo hajawahi kumwambia mtu, kwamba alimwona kwenye kioo akijaribu kuinuka.

Bibi Onsi hakulia. Aliweka mikono mapajani.

"Nilijua," alisema. "Uliposhuka tu kwenye mashua, ulikwenda kuweka maua na wali pale njia panda. Wanaomkumbuka Latsamy nawajua wote, mwanangu. Wewe si wetu."

"Mbona hukusema, Bibi?"

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Umesema. Sasa tule."

Mkubwa ndiye anayeanza, kwa hiyo Thongdam alingoja. Bibi alivuta tambi za kwanza, akatafuna polepole, akameza, akachota tena. Ndipo naye akaanza, machozi yakimdondokea bakulini. Siku zote hizi amejua, na siku zote hizi amemlisha! Kama huo si msamaha, ni nini? Samaki alikuwa mtamu kuliko nguruwe. Alikula kama mtu aliyetoka kifungoni, na bakuli lilipokwisha Bibi alimjazia jingine, naye akalipokea kwa mikono miwili. Bibi mwenyewe alikuwa bado anakula, na hakuonyesha dalili ya kushiba.

Aliwaza atakavyorudi nyumbani. Atalala usiku kucha. Atamwambia mkewe kila kitu, na kila mwaka atakuja hapa, atamtengenezea Bibi paa, atamchotea maji, awe ameingia hekaluni au hakuingia.

Bakuli la pili lilipofika nusu, midomo yake ilianza kufa ganzi, kisha ncha za vidole. Thongdam alicheka, kicheko chake cha kwanza baada ya miaka miwili.

"Bibi, umenitilia ile pilipili ya msituni ya kwetu milimani, inayotia ganzi mdomo. Nani alikwambia naipenda?"

"Sina pilipili hiyo," alisema Bibi Onsi. Ulimi wake nao ulikuwa umeanza kuwa mzito. Alivuta sufuria karibu, akamwongezea mchuzi, kisha akajiongezea na yeye.