Ukungu Usoni kwa Kasoga

Tangu picha zote za familia zikusanywe na kuwekwa kwenye Hazina ya Picha ya serikali, mtandaoni, Nyamizi alimwona mumewe kwenye kivinjari tu, kila asubuhi akinywa chai. Kasoga aliitwa kuhojiwa mwaka jana, hakurudi. Leo, kwenye picha yao ya harusi, uso wake ulikuwa na ukungu, ingawa keki, maua na hata shela ya bibi harusi vilionekana vizuri.

Akapiga simu ya msaada ya Hazina.

"Pole, mama," alisema dada mmoja mwenye sauti ya upole. "Rudisha ukubwa wa ukurasa uwe asilimia mia. Halafu futa kumbukumbu za kivinjari, ukifungue upya."

Nyamizi alifanya yote hayo. Ukungu haukutoka.

"Na wewe mwenyewe, mama, ukifumba macho unamwonaje?"

Nyamizi akacheka kidogo. "Mimi? Namwona vizuri kabisa! Hata kovu lake la kidevuni."

Upande wa pili zikasikika herufi zikichapwa, taratibu.

"Asante, mama. Usitoke nyumbani, fundi yuko njiani."

"Kumbe kompyuta imeharibika?"

"Hapana, mama. Kompyuta yako haina tatizo lolote."