Dume Kutoka Ng'ambo

Ambakisye aliposhusha kwenye lori dume la nguruwe kutoka ng'ambo, majirani walikimbilia kumpelekea majike yao. Tumpe, shemeji yake aliyefuga nguruwe jirani, alimsikia dume akikohoa.

"Shemeji, huyo ana mafua. Kwangu haingii."

"Una wivu tu!" majirani walimcheka.

Tumpe akafunga lango, akazuia hata wageni. Wiki haikuisha, mafua yakazagaa mji mzima. Nguruwe wakakohoa, wakagoma kula. Nguruwe wa Tumpe waligombania pumba hadi kelele zikasikika barabarani.

Ambakisye akaja, sauti imemshuka. "Shemeji, ulisema kweli. Tufundishe."

Tumpe aliangua kicheko cha ushindi, akamsogezea ndoo ya maji ya sabuni nje ya lango. "Somo la kwanza: nawa kabla ya kugusa nguruwe." Ambakisye akakunja mikono ya shati, na nyuma yake watu wakaanza kupanga foleni.